Somo la Afya: Nani Atamfikisha Mama Hospitali?

Hebu fikiri jambo hili. Ni saa nane za usiku, mwezi wa Machi. Mvua imenyesha tangu jioni. Katika nyumba moja ya kijiji chenu mama amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto analia vizuri. Majirani wanapiga vigelegele. Lakini kondo la nyuma halijatoka, na damu haikatiki. Khanga mbili zimelowa, sasa wanatandika ya tatu.

Mume wa mama huyu hayupo. Yuko kambi ya wavuvi, atarudi keshokutwa. Mkunga wa jadi anamwita mama mkwe pembeni. Anamwambia, "Dada, damu hii si ya kawaida. Mkwe wako aende hospitali." Mama mkwe anajibu, "Mimi nitaamuaje peke yangu? Tungoje mwanangu arudi." Baadaye anakubali. Lakini fedha ndani ya nyumba hazifiki hata shilingi elfu tatu. Mwenye pikipiki amelala upande wa pili wa kijiji, na hakuna ajuaye nyumba yake. Zahanati ni kilomita 9, hospitali ni kilomita 40, na mto umejaa.

Huu ni mfano tu. Lakini wewe unayesoma, huenda unamjua mama kama huyu. Mfano huu tuuache kidogo, tutaurudia.

Kwanza tujifunze jambo moja kuhusu damu. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Saa mbili ni muda wa kuchemsha sufuria ya maharage mpaka yaive. Kwa hiyo mtu akisema "tungoje kupambazuke", ajue kwamba mama huyo hawezi kungoja.

UCHELEWESHAJI WA AINA TATU

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwa nini akina mama wengi hufa kwa uzazi hali dawa za kuwatibu zipo. Walisema mama huchelewa mara tatu. Anachelewa nyumbani, kwa sababu watu hawajaamua aende. Anachelewa njiani, kwa sababu hakuna chombo, au njia ni mbaya. Tena anachelewa hospitalini, kwa sababu mganga hayupo, au dawa hakuna, au damu ya kumwongezea haipo.

Tazama tena mfano wetu. Mama yule alichelewa nyumbani kwa sababu mwenye kuamua hakuwapo. Kisha akachelewa kwa sababu ya fedha na pikipiki. Mambo hayo mawili hayatoki Dodoma wala wilayani. Yako mikononi mwa watu wa kijiji wenyewe. Hata jambo la tatu, ambalo ni kazi ya Serikali, lina sehemu ya wanakijiji, kama utakavyoona tukifika kwenye damu.

Wapo watu wanaosema kufa kwa uzazi ni mapenzi ya Mungu, hakuna la kufanya. Lakini tuangalie hesabu za nchi yetu. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 556 walikufa kwa sababu ya uzazi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Mungu ni yule yule. Kilichobadilika ni kazi ya watu. Na hao 104 waliobaki ni wengi bado, maana kila mmoja ana watoto waliobaki nyumbani.

JAMBO LA KWANZA: KUAMUA MAPEMA

Mimba ni miezi tisa. Huo ni muda wa kutosha kuamua. Ubaya ni kwamba nyumba nyingi hungoja uchungu uanze ndipo zianze kushauriana. Mume, mke na mama mkwe wakae pamoja mimba ikiwa bado changa. Waseme: tutajifungulia zahanati au hospitali. Baba asipokuwapo, fulani ataamua, naye hatalaumiwa. Neno hilo la kutolaumiwa ni kubwa. Mama mkwe wa mfano wetu hakuwa mtu mbaya. Aliogopa lawama.

Mama aende kliniki mapema, kabla ya mimba kutimiza miezi mitatu. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8 mpaka kujifungua. Huko atapimwa damu na shinikizo la damu, atapewa vidonge vya kuongeza damu, kinga ya malaria na chanjo ya pepopunda. Baba naye aende. Asimwachie mama peke yake kama kwamba mimba aliitafuta peke yake.

Nyumba nzima ijue dalili za hatari. Mjamzito akitokwa na damu, hata kidogo, aende. Akiumwa kichwa sana, akiona maruweruwe, akivimba uso na mikono, aende, maana hizo ni dalili za kifafa cha mimba. Akipata homa kali, au mtoto akiacha kucheza tumboni, au chupa ikipasuka na uchungu hauji, aende. Uchungu ukizidi saa 12 bila mtoto kuzaliwa, asingoje. Ikiwa amejifungulia nyumbani kwa bahati mbaya, na kondo la nyuma halijatoka baada ya nusu saa, chombo kitafutwe hapo hapo. Wakati mnangoja chombo, mlazeni, mfunikeni apate joto, akojoe kama anaweza, na mtoto anyonye, kwa sababu kunyonya kunasaidia tumbo la uzazi kujikaza. Msimwekee dawa za majani ukeni. Msilivute kondo la nyuma kwa nguvu.

Mkunga wa jadi tusimdharau. Watu wanamwamini. Kazi yake nzuri siku hizi ni kuwa wa kwanza kuona hatari, kusema bila kuogopa, na kumsindikiza mama zahanati. Mkunga wa mfano wetu alifanya kazi yake. Kijiji ndicho hakikufanya yake.

JAMBO LA PILI: DAFTARI, MFUKO NA CHOMBO

Ndugu msomaji, hapa ndipo kisomo chako kinapopata kazi. Nunueni daftari moja. Pigeni mistari. Andikeni jina la kila mjamzito wa kitongoji, mwezi anaotazamiwa kujifungua, jina la atakayeamua, jina la atakayemsindikiza, chombo kitakachompeleka, na majina ya watu wawili watakaotoa damu. Daftari liwe kwa mhudumu wa afya wa jamii, au kwa mtu mwingine anayejua kuandika na kutunza siri. Kamati ya huduma za jamii ya halmashauri ya kijiji ilisome kila mwezi. Kama mama fulani hana chombo, ionekane kwenye daftari mapema, isionekane usiku wa saa nane.

Kisha fedha. Tufanye hesabu. Tuseme kijiji kina kaya 300. Kila kaya ikitoa shilingi 500 kwa mwezi, tutapata 300 mara 500, yaani shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 1,800,000. Fedha hizo zinanunua mafuta ya pikipiki mara nyingi. Lakini tuseme kweli: mifuko ya vijiji hufa. Haifi kwa umaskini, inakufa kwa sababu hesabu hazisomwi. Mtu akitoa mara tatu bila kusikia fedha zimefanya nini, mara ya nne hatoi, na ana haki. Basi hesabu zisomwe katika kila mkutano mkuu wa kijiji. Mweka hazina asikae na funguo peke yake. Na fedha isingoje vikao. Watu wawili waliochaguliwa wawe na ruhusa ya kuitoa hata usiku.

Chombo si lazima kiwe gari. Pikipiki, bajaji, mkokoteni wa ng'ombe, mtumbwi, machela ya miti na vijana wanane wa kupokezana, vyote vimewahi kuokoa watu. La maana ni kupatana mapema na mwenye chombo juu ya bei, na kila mtu ajue mlango wake.

Kwa Tanzania kuna msaada mwingine. Mpango uitwao m-mama ulianza kujaribiwa Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 Serikali ilizindua kuueneza nchini. Namba yake ni 115, nayo haitozwi fedha. Mhudumu katika kituo anapokea simu, anauliza hali ya mama au mtoto mchanga, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Gari likiwa mbali, anamwita dereva wa kawaida aliyepatana na mpango huo, na dereva analipwa na mpango. Andikeni namba 115 kwa chaki juu ya mlango wa nyumba yenye mjamzito. Lakini simu isiyo na chaji haisemi, na kuna mabonde yasiyo na mtandao. Kwa hiyo daftari na machela vibaki.

DAMU HAITENGENEZWI KIWANDANI

Hospitali haina shamba la damu. Damu inatoka kwa watu wenye afya. Mtu wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50, anaweza kutoa. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kikundi cha vijana wa mpira kikijiandikisha chote, kijiji kimepata akiba. Wanaume wengi huogopa sindano kuliko jembe. Waulizeni wake zao.

MTOTO AKISHAZALIWA

Mtoto akaushwe, awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na anyonye katika saa ya kwanza. Maziwa ya kwanza ya manjano yasikamuliwe na kumwagwa, kwa sababu hayo ni kinga yake. Anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, bila maji wala uji. Akikataa kunyonya, akipumua kwa haraka, akiwa wa moto au wa baridi sana, akipata degedege, au kitovu kikitoa usaha, apelekwe siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo kuna kazi ya kukua. Hapa wananchi wa Mkoa wa Iringa wana la kutufundisha. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe wa Serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Serikali ya Italia. Ulianzia katika vijiji 168. Kila miezi mitatu watoto wa chini ya miaka 5 walipimwa uzito mbele ya wanakijiji, na matokeo yakapelekwa kwenye halmashauri ya kijiji. Wazee waliozoea kujadili pembejeo na barabara wakaanza kuuliza: mbona watoto hawa wako kwenye rangi nyekundu ya kadi?

Wakagundua mambo ambayo mganga peke yake asingeyaona. Mama alikuwa shambani kutwa, na mtoto alikula mara mbili tu. Uji ulikuwa mwepesi, umejaa maji, na tumbo la mtoto ni dogo. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka karibu 6 katika kila 100 hadi karibu 2. Wenye uzito pungufu kwa jumla walishuka kutoka karibu 56 katika kila 100 hadi 38. Mizani ilitoka nje. Maswali yalitoka kijijini.

Njia moja ya kutengeneza uji mzuri kwa mtoto aliyetimiza miezi 6 ni kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uache uote siku mbili au tatu ukiwa na unyevu, uanike, usugue kuondoa vichipukizi, kisha usage. Pika uji mzito. Ukipoa kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea kwa bakuli, ukoroge. Utashangaa: uji mzito unakuwa laini na wa kunyweka bila kuongeza maji. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo. Ukitumia mtama badala ya ulezi, vichipukizi na mizizi lazima viondolewe vyote, maana vina sumu.

TURUDI KWENYE MFANO

Usiku ni ule ule, mvua ni ile ile. Safari hii mama mkwe anachukua simu bila kungoja, kwa sababu mwanawe alimwambia mbele ya watu, "Mama, mimi nisipokuwapo, wewe ndiye mwamuzi." Kijana wa pikipiki anajulikana, jina lake limo daftarini. Vijana wanamvusha mama mto kwa machela, na ng'ambo gari linangoja. Ndugu wawili wa kutoa damu wamepanda naye. Mtoto yuko kifuani pa bibi yake, amefunikwa vizuri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARASA LENU

1. Katika kitongoji chenu kuna wajawazito wangapi mwezi huu? Nani anajua hesabu hiyo?
2. Mama akitokwa na damu leo usiku, nani ataamua, na chombo gani kitampeleka?
3. Kaya zenu ni ngapi? Kila kaya ikitoa shilingi 500, mtapata kiasi gani kwa mwezi?
4. Nani katika darasa hili ataandika daftari?