Nani Aandikwe Katika Daftari la Maskini?

Msafiri anayepanda kutoka Tengeru kwenda Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, huona migomba, kahawa na mifereji ya maji kando ya njia, akasema moyoni mwake: Hapa hapana mwenye njaa. Msafiri huyo aweza kusamehewa, maana yeye apita tu. Lakini yuko mtu mwingine asiyeweza kusamehewa akisema vivyo hivyo. Ndiye mtumishi wa halmashauri abishaye hodi mlangoni, dodoso mkononi, apate kujua kama nyumba hii ni ya maskini wa kusaidiwa au siyo. Atakaa humo muda mfupi tu, lakini atakayoandika yaweza kuamua kama bibi wa nyumba hiyo atapata unga, na mjukuu wake atapata daftari la shule.

Leo tunapenda kujifunza juu ya kazi ya mtu huyo. Wako wasomaji wetu wanaoifanya. Wako wanaoingojea kwa hofu. Na sisi wengine wote huitwa mkutanoni kuishuhudia. Hakuna basi awezaye kusema kwamba somo hili halimhusu.

KAZI YENYEWE

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao watu wote waujua kwa jina la TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mwaka 2010 yalianza majaribio ya kuzipa fedha taslimu kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Agosti 2012 mpango wa kunusuru kaya maskini ukazinduliwa kwa ajili ya nchi nzima, na baada ya miaka michache kaya zipatazo milioni moja zilikuwa zimeandikwa. Katika miaka hiyo ya kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Iliongezewa kidogo kwa ajili ya watoto waliopelekwa kliniki na shuleni, wala haikuzidi shilingi 38,000. Kwa mwenye mshahara hizo ni fedha chache. Kwa asiye na kitu ni tofauti ya kula na kulala njaa.

Je, kaya hizo zilichaguliwaje? Baada ya maeneo kupangwa, wawezeshaji kutoka halmashauri waliitisha mkutano wa kijiji. Wanakijiji wenyewe walitaja alama za umaskini mahali pao, kisha wakataja kaya zenye alama hizo. Ndipo waandishi walipozunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza: Mko watu wangapi? Watoto ni wangapi? Paa ni la nini, na sakafu, na kuta? Majibu yakapelekwa kupigiwa hesabu, kwa kuwa mkulima hana hati ya mshahara, na pato lake lapaswa kukadiriwa kwa vitu vinavyoonekana. Mwishowe orodha ilirudi mkutanoni ipate kuthibitishwa.

Wala si TASAF peke yake. Ofisa Ustawi wa Jamii huulizwa kila siku kama mgonjwa fulani kweli hawezi kulipa, apate kusamehewa gharama za matibabu. Tena sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 yazungumza juu ya watu wasio na uwezo. Lazima basi apatikane mtu wa kuwatambua.

Iko njia nyingine iliyo nyepesi zaidi. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwapa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi hapo mwanzo. Swali kubwa huko ni umri, si umaskini. Lakini palipo na mgao mdogo na wahitaji wengi, mtu hana budi kuchagua. Na achaguaye hubeba mzigo mzito.

PAA NA CHUNGU

Tuchukue mfano, usio wa mtu fulani, bali wa mambo yanayoweza kuonekana katika vijiji vingi vya mlimani. Yuko mama mjane. Nyumba yake ni ya matofali na paa lake ni la bati, maana marehemu mumewe aliijenga zamani, bei ya kahawa ilipokuwa nzuri. Shamba limegawanywa kwa watoto wa kiume, naye amebaki na kipande kidogo na wajukuu watatu. Asikiapo hodi, hufagia ua upesi, hutandika vitambaa juu ya viti, na humtuma mtoto kwa jirani kuazima sukari ili mgeni asiondoke bila chai. Mwandishi hunywa chai, hutazama bati, huandika, huenda zake. Jioni chungu cha mama huyo hakiwekwi motoni.

Mbali kidogo yuko mzee mwenye nyumba ya udongo. Jana aliwapeleka ng'ombe wake kwa shemeji yake, na asubuhi hii watoto wake wamevikwa matambara. Huyu naye ameulizwa, naye ameandikwa.

Mwandishi hakusema uongo kwa hawa wawili. Aliona bati, akaandika bati. Aliona udongo, akaandika udongo. Kosa lake ni kwamba alilitazama paa asitazame chungu. Dodoso ni chombo cha lazima, maana pasipo hilo kila mtu angeandika rafiki zake. Lakini ni kama mizani dukani: haisemi uongo, ila haiwezi kupima kisichowekwa juu yake. Heshima ya mama yule haikuwekwa mizanini, wala hila ya mzee yule.

Makosa ya kazi hii basi ni ya namna mbili. La kwanza ni kumwandika asiyestahili. La pili ni kumwacha anayestahili. Hilo la kwanza lapigiwa kelele sana, na ni haki lipigiwe kelele. Februari 2020, mpango huo ulipoingia kipindi chake cha pili, Serikali ilieleza kwamba kaya zaidi ya 70,000 zilikuwa zimebainika kuwa hazina sifa, zikiwamo za watu waliokwisha kufa na za watu wasio maskini. Mwizi wa namna hii haibi kwa Serikali tu, aiba katika bakuli la mjane. Lakini kosa la pili halina kelele. Aliyeachwa hakuandikwa popote, na kwa sababu hiyo hakuna anayemhesabu. Hurudi nyumbani kimya, akidhani ndivyo Mungu alivyopenda. Sivyo Mungu alivyopenda.

DAFTARI LA KWANZA

Mkristo asidhani kwamba kazi hii ni ya kidunia tu. Kanisa liliijua tangu mwanzo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya sita, twasoma kwamba wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Hawakusema: Ombeni tu, mvumilie. Walikiri kwamba kazi ile yahitaji watu wake, wakataka wachaguliwe saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wakawawekea mikono. Mmoja wao alikuwa Stefano, shahidi wa kwanza. Angalieni basi: kugawa posho kwa haki kulihesabiwa kuwa kazi ya kuwekewa mikono.

Mtakatifu Paulo naye, katika waraka wa kwanza kwa Timoteo, sura ya tano, aeleza ni mjane gani aandikwe katika orodha: awe ametimiza miaka 60, na mwenendo wake uwe umeshuhudiwa. Kisha aongeza neno zito: mjane mwenye watoto au wajukuu, hao kwanza wamtunze, ili Kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia walio peke yao kweli. Twaona hapa mambo matatu: kipimo kilicho wazi, ushahidi wa watu wanaomfahamu mhitaji, na wajibu wa jamaa kabla ya wajibu wa wote.

Lakini kipimo peke yake hakitoshi. Ayubu, alipoeleza jinsi alivyoishi kabla ya mateso yake, katika sura ya 29, alisema kwamba alikuwa baba wa wahitaji, na kwamba alichunguza kesi hata ya mtu asiyemjua. Hakusema kwamba aliihurumia tu, aliichunguza. Kumhurumia mtu ni jambo la dakika moja. Kuichunguza kesi yake ni kuketi, kuuliza tena, kwenda kwa jirani, kurudi siku ya pili. Huo ndio ubaba ambao Ayubu aliusema.

WAMERU WALIJUA

Watu wa Meru hawahitaji kufundishwa nguvu ya karatasi iliyoandikwa pasipo kumsikiliza mtu. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi. Mistari ilikuwa imekwisha kuchorwa ramanini, na maofisa walitimiza tu yaliyoandikwa, nyumba zikateketezwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuueleza Umoja wa Mataifa kesi ya watu wake. Hakuomba sadaka. Aliomba kusikilizwa.

Hatusemi kwamba mwandishi wa leo ni sawa na waliochoma nyumba. Hasha, yeye amekuja kusaidia. Twasema tu kwamba mnyonge aliye mbele ya meza ya ofisa, wakati wo wote na chini ya serikali yo yote, kwanza ana haki ya kusikilizwa.

WAJIBU WA MTUMISHI

Yampasa basi mtumishi wa kazi hii ayashike mambo haya. Kwanza, aende nyumbani kwa mtu, asingoje ofisini. Sista Rosalie Rendu, aliyewahudumia maskini wa mtaa wa Mouffetard mjini Paris, ndiye aliyewafundisha Mwenye Heri Frederic Ozanam na wenzake, walipoanza chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mwaka 1833, kuwatembelea maskini majumbani mwao. Mtu huonekana alivyo mahali anapolala na kupika.

Pili, aandike kweli, hata kama mwenye nyumba ni ndugu yake, au mwenyekiti amemkonyeza. Akiona jambo ambalo dodoso haliulizi, aliseme mkutanoni na kwa wakubwa wake.

Tatu, asimwaibishe mtu. Uingereza, sheria ya mwaka 1834 iliagiza kwamba maskini mwenye nguvu akitaka msaada aingie katika nyumba ya kazi, ambamo maisha yalifanywa magumu makusudi, na mume akatengwa na mkewe, ili asiyehitaji kweli asije. Aibu iliwafukuza wavivu wachache, ikawafukuza na wanyofu wengi. Mama wa vitambaa na chai angelikufa kuliko kuingia humo. Anayemsimamisha mzee juani bure, au kuyapeleka mambo ya nyumba ya watu kilabuni, ameijenga upya nyumba ile pasipo matofali.

Nne, aliyekataliwa aambiwe sababu, na aonyeshwe pa kulalamika. Mwisho, asiulize dhehebu. Akheri ndipo wamisionari wawili Walutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipouawa Oktoba 1896, na ndugu zetu Walutheri ni wengi huko hata leo. Mtumishi Mkatoliki akimwandika jirani Mlutheri au Mwislamu anayestahili, na kumwacha Mkatoliki mwenzake asiyestahili, hapo ndipo aliposhika imani yake.

WAJIBU WETU SISI

Tusimtwike mtumishi peke yake. Katika mkutano wa kijiji shahidi ni sisi. Anayemtaja binamu yake mwenye duka kuwa ni maskini amevunja amri ya nane kwa ulimi wake, na ya saba kwa mkono wa mwingine. Anayenyamaza huku ajua kwamba jirani yake mjane hapiki jioni, naye hana la kujitetea. Mama yule hatajisemea, maana heshima yake yamzuia. Yatupasa sisi tumsemee, kwa adabu, tukisema: Msitazame bati lake, wajukuu wake walala bila kula.

Nao watoto walio Arusha mjini na Dar es Salaam wasome tena neno la Mtakatifu Paulo. Mama yako asiandikwe daftarini ikiwa wewe waweza kumtunza; maana akiandikwa kwa uzembe wako, yuko mwingine asiye na mtoto aliyekosa nafasi.

Zaidi ya hayo tunazo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa nafasi ya kwanza katika uchungaji mwaka 1976. Jumuiya hukutana majumbani. Iliyoketi juu ya viti vya mama yule na kusali naye kila juma yajua lisiloonekana katika dodoso lo lote. Basi ipeleke ujuzi huo mkutanoni. Na daftari la Serikali likimwacha mhitaji, jumuiya imwandike katika daftari lake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani ambaye paa lake huficha njaa yake?

2. Mkutano wa mwisho ulipoitishwa, tulihudhuria? Tulisema kweli, au tulinyamaza?

3. Katika ukoo wetu yuko mzee anayengoja msaada wa Serikali ambaye sisi wenyewe twaweza kumtunza?

Baba wa nyumba asome maswali haya baada ya chakula cha jioni, na kila mtu ajibu, hata watoto. Likipatikana jina la mtu katika swali la kwanza, msingoje mkutano. Chukueni unga, mbishe hodi leo.