Madaraja ya Majani ya Chai



Tukienda Kariakoo kununua majani ya chai ya kupima, twawasikia wanunuzi wakisema, "Nipe yale makubwa, vumbi silitaki." Wadhani ya kuwa vumbi ni takataka iliyofagiwa sakafuni. Sivyo. Na kwa mama auzaye chai asubuhi kandokando ya maofisi ya Posta, neno hili si dogo, maana faida yake yote imo katika idadi ya vikombe avipatavyo kwa kilo moja.

Yatupasa kujua kwanza ya kuwa daraja hutajwa kwa ukubwa wa chembe, wala si kwa utamu. Kiwandani, huko Mufindi au Rungwe au Usambara, majani mabichi hunyaushwa, kisha hupitishwa kati ya vyuma vya mviringo vyenye meno, vinavyoyaponda, kuyachana na kuyakunja. Mashine ya namna hii ilianza Assam, katika Bara Hindi, mwaka 1930. Majani yakiisha kugeuka rangi kwa hewa na kukaushwa, huchekechwa kwa nyavu zenye matundu mbalimbali. Chembe kubwa huandikwa BP1. Zifuatazo ni PF1, kisha PD, na zile ndogo D1, ndizo ziitwazo vumbi. Zote nne zaweza kutoka shamba moja, zimechumwa siku moja. Chembe ndogo hutoa rangi upesi na chai nzito. Kubwa hutaka kungojewa. Basi mama wa Posta, mwenye wateja wa haraka, hapunjiki akichukua D1.

Takataka halisi ni nyuzi nyekundu na vipande vya vikonyo. Hizo hutengwa ziingie madaraja ya chini. Zikichanganywa na majani mema, huongeza uzito mizanini, lakini kikombeni haziongezi kitu.

Na utamu je? Huo huanza mkononi mwa mchumaji. Akichuma majani mawili na chipukizi lake, chai huwa njema. Akichuma majani magumu, hakuna chekeche liwezalo kuyatengeneza. Kwa hiyo wanunuzi wa mnada wa Mombasa hawatosheki na herufi. Mwonjaji hutia gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yachemkayo, hungoja dakika 6, kisha huivuta chai kwa kijiko kwa kishindo, na kuitema. (Mezani petu ni aibu, kwake ndiyo kazi.)

Sisi tusio waonjaji tutie majani kiganjani. Chembe ziwe sawasawa, zenye uzito, pasipo nyuzi, wala zisinuke uvundo. Kisha tudondoshe chache katika bilauri ya maji baridi: majani yaliyotiwa rangi huyabadili maji mara moja, bali chai ya kweli hukawia. Mwuzaji akikubali, tununue kwanza kiasi cha vikombe viwili, tukakipike nyumbani, ndipo turudi kwa kilo.