Mlezi Aliyefunzwa Huokoa Mtoto na Pesa za Familia

Mto Tana unapovunja kingo, vijiji vingi vya Garsen huzingirwa na maji. Mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara na kufunika vyoo na visima, na kipindupindu kikaripotiwa katika kaunti. Wakati kama huo, mtoto anayeharisha humtegemea kwanza aliye naye nyumbani: mama, nyanya au dada mkubwa.

Funzo la mwaka 1971

Kuhara huua kwa kumaliza maji na chumvi mwilini. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kililipuka katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis alichanganya chumvi na glukosi katika maji safi, kisha jamaa za wagonjwa wakaelekezwa kuwanywesha. Vifo vilivyokuwa takriban asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4. Jamaa hao hawakuwa wauguzi. Walifunzwa jambo moja, wakalifanya vizuri.

Mlezi afanye nini?

1. Anawe mikono kwa sabuni, kisha achanganye pakiti ya ORS na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Yakibaki baada ya saa 24, ayamwage.
2. Kila mtoto anapoharisha, aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100. Aliyezidi hapo, mililita 100 hadi 200. Anyweshwe polepole. Akitapika, mlezi asubiri dakika 10 kisha aendelee.
3. Ampe tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14 kama alivyoelekezwa, hata kuhara kukikoma.
4. Aendelee kumnyonyesha na kumlisha. Kumnyima mtoto chakula humdhoofisha zaidi.

Mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiharisha damu, macho yakiingia ndani au akilegea na kusinzia kupita kawaida. Ikiwa kipindupindu kimeripotiwa eneo hilo, yeyote anayeharisha kama maji apelekwe bila kungoja, huku akinyweshwa ORS njiani.

Gharama inapungua wapi?

Mtoto aliyewahiwa kwa ORS mara nyingi hahitaji dripu wala kitanda cha wodi. Familia huepuka nauli ya bodaboda au mashua hadi hospitali ya Ngao, na mzazi hapotezi siku za shamba, uvuvi au malisho. Hospitali nayo hubakisha dripu na wauguzi kwa wagonjwa mahututi.

Nani atafundisha?

Septemba 2023, Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, kila mmoja akitarajiwa kuhudumia takriban kaya 100. Mhudumu anayeishi kijijini anaweza kueleza kwa Kipokomo au Kiorma, kisha akamwomba mlezi achanganye ORS mbele yake. Kutazama pekee hakutoshi. Mlezi hujua anapofanya kwa mikono yake.

Wakazi wanahimizwa kumwomba mhudumu wa kijiji chao somo hili kabla ya mvua, na kuweka ORS na zinki nyumbani wakati barabara bado inapitika.