Kazi Tatu, Mikono Miwili

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika tatu: sweta ya shule ya mdogo wangu, vitambaa vya viti vya mama, na kofia ya mtoto wa dada. Hapa Kakamega mvua hupenda kunyesha alasiri, basi nikitoka shule nabandika maji ya ugali huku nafuma.

Kosa langu lilikuwa sindano. Nilichomoa nambari 8 kwenye sweta nikafumia kofia. Kurudia sweta, nikaokota nambari 10. Kumbe kwa hesabu ile ya Kiingereza, nambari ikipanda sindano hupungua: 8 ni milimita 4, 10 ni milimita 3.25. Sweta ikabana kifuani! Nikafumua mistari 40. Shule zikafunguliwa, mdogo wangu akaenda akitetemeka.

Tangu hapo nafuata haya:

1. Kila kazi na mfuko wake, sindano zake, na karatasi ya kuandika nambari ya sindano na mstari niliofikia.
2. Vitambaa nafuma nikingoja sufuria. Sweta, yenye kuhesabu, ni ya usiku kukiwa kimya.
3. Natangulia kumaliza kazi ya anayesubiri. Viti havisikii baridi.