Lugha Isiyo na Wazawa: Mashabiki wa Bendi ya Magma na Maana ya Maneno ya Kikobaia

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wamezoea kuichunguza lugha kwa kumwendea msemaji wake. Humsikiliza, humuuliza kitu fulani anakiitaje, kisha huandika. Makala haya yanashughulikia lugha isiyoweza kuchunguzwa kwa njia hiyo, kwani haina kijiji wala soko, na hakuna watu wanaoitumia kusalimiana asubuhi. Huimbwa tu. Lugha hiyo ni Kikobaia, iliyobuniwa kwa ajili ya nyimbo za Magma, bendi ya Kifaransa iliyoanzishwa mjini Paris mwaka 1969 na mpiga dramu Christian Vander.

Magma huwekwa katika mkondo wa muziki wa roki uitwao progresivu, uliostawi katika miaka ya 1970. Sifa zake ni tungo ndefu zinazoweza kujaza upande mzima wa santuri, mapigo ya hesabu ngumu, na visa vinavyoanzia albamu moja na kuendelea katika nyingine. Bendi za Kiingereza kama Yes, Genesis na King Crimson ndizo zilizovuma zaidi. Magma haikupata umaarufu wa kiasi hicho, lakini ilipata mashabiki wa aina ya pekee: watu walio radhi kujifunza kwa ghibu maneno ya utungo wa karibu dakika arobaini, katika lugha ambayo hawakupewa kamusi yake. Swali linalotushughulisha ni hili: mshabiki wa namna hiyo, anapoimba bila kukosea, anajua nini? Jibu rahisi ni kwamba anajua sauti tupu. Sisi hatukubaliani nalo.

2.0 Asili ya Kikobaia

Vander, aliyezaliwa mwaka 1948, alikuwa kwanza yeye mwenyewe mshabiki. Alimhusudu mno John Coltrane, mpiga saksafoni wa Marekani, na kifo cha Coltrane mwaka 1967 kilimtikisa sana. Albamu ya kwanza ya Magma, iliyotoka mwaka 1970, husimulia habari za watu wanaoihama Dunia iliyoharibika na kwenda kuishi katika sayari ya Kobaïa. Wahamiaji hao walihitaji lugha, naye Vander ameeleza kwamba Kifaransa hakikutosha, kwa kisa chenyewe na kwa sauti ya muziki pia. Kwa maelezo yake, maneno yalimjia pamoja na sauti alipokuwa akitunga kwenye piano. Hakukaa mezani akapanga ngeli na nyakati.

Vyanzo vya sauti hizo vinajulikana kwa kiasi fulani. Kipo kivuli cha lugha za Kislavoni na za Kijerumani, na upo mtindo wa Leon Thomas, mwimbaji wa jazi wa Marekani aliyechanganya silabi zisizo maneno na mitetemo ya koo. Baadaye wanabendi wengine walichangia pia. Klaus Blasquiz, mwimbaji wa miaka ya mwanzo, alikiita Kikobaia lugha ya moyo ambayo maneno yake hayatengani na muziki. Mhakiki Mwingereza Ian MacDonald alikwenda mbali zaidi, akashikilia kwamba Kikobaia ni suala la fonetiki na wala si la semantiki.

3.0 Sauti na tahajia

Dai la MacDonald linastahili kupimwa kwa data, na data iliyo karibu zaidi ni anwani za albamu. Tuitazame albamu ya mwaka 1973, *Mëkanïk Dëstruktïẁ Kömmandöh*. Msomaji yeyote wa Kifaransa ataona mara moja kwamba chini ya vazi hilo mna maneno anayoyajua ya mashine, uharibifu na kikosi cha askari. Kilichobadilika ni tahajia. Herufi *c* na *qu* zimeiachia nafasi *k*, herufi *h* imeongezwa mwishoni, na irabu zimevikwa nukta mbili. Katika Kijerumani nukta hizo hubadili matamshi ya irabu, na katika Kifaransa huashiria kwamba irabu mbili zilizokaribiana zitamkwe mbalimbali. Katika neno *Mëkanïk* hatuoni kazi yoyote kati ya hizo mbili. Kazi yake ni kumwambia msomaji kwamba yuko ugenini.

Anwani nyingine zimejitenga zaidi na Kifaransa. *Ẁurdah Ïtah*, albamu ya mwaka 1974, hufasiriwa kuwa ‘Dunia iliyokufa’. *Theusz Hamtaahk*, jina la utungo na la mfululizo wa tungo tatu, hufasiriwa kuwa ‘wakati wa chuki’. Hapa uhusiano wa umbo na maana ni wa unasibu, kama alivyofundisha de Saussure, nayo ni dalili mojawapo ya lugha. Wakati huohuo, uzito wa konsonanti na mkoromo wa *h* haukuchaguliwa kibubusa. Mswahili atalielewa jambo hili kwa kuzifikiria tanakali za sauti. Tunaposema kitu ni cheupe pe, au watu wamekaa kimya ji, hatuwezi kuzifasili *pe* na *ji* kwa neno lingine, ilhali hakuna asemaye kwamba hazina maana. Kikobaia kimetandaza hali hiyo juu ya utungo mzima.

Upo ushahidi mwingine, usiopendeza. Bendi imepata kushutumiwa kwamba nyimbo zake za pamoja, mavazi yake meusi na mlio wake wa Kijerumani vinakumbusha maandamano ya kifashisti. Hatuna haja ya kuamua hapa iwapo shutuma hizo zina haki. Kwa mwanaisimu yatosha kwamba zilitolewa. Sauti isiyobeba chochote haiwezi kumkasirisha mtu. Msikilizaji wa Ufaransa wa mwaka 1973, aliyekuwa hai wakati wa vita au aliyelelewa na walioviona, alisikia ndani ya konsonanti zile jambo ambalo msikilizaji wa Osaka au wa Morogoro pengine asingelisikia.

4.0 Mshabiki kama mwanafilolojia

Kwa kawaida maneno ya nyimbo hizi hayakutolewa na tafsiri. Jalada la santuri lilikuwa na maelezo ya Kifaransa yaliyodokeza kisa, basi. Mshabiki aliachiwa dokezo na sauti. Isipokuwa toleo la kwanza la Uingereza la *Mëkanïk* lilichapisha maneno ya Kikobaia pamoja na tafsiri, na bila shaka msomaji wa makala haya anaelewa matini ya lugha mbili ina thamani gani kwa mtu asiye na msemaji wa kumuuliza. Maandishi ya Misri ya kale yalifumbuliwa kwa msaada wa jiwe la namna hiyo.

Mashabiki wakaanza kutunga orodha za msamiati, zisizo rasmi na zisizo na idhini ya mtu. Njia iliyo wazi katika kazi kama hiyo ni ile ya mtawanyo: neno linalojirudia linakaa jirani na lipi, katika kisa gani, na je, katika santuri inayofuata linakaa vivyo hivyo? Majina ndiyo hushikika kwanza. Nebëhr Gudahtt ni mtabiri anayewaonya watu wa Dunia. Kreuhn Köhrmahn ni mwenye uwezo wa juu kabisa. Baada ya majina ndipo zikaja nomino za kawaida. Kazi hii ingefanywa na mwanafunzi wa shahada ya pili angepewa msimamizi na fedha za utafiti. Hawa waliifanya kwa mapenzi.

Subira yao inaonekana vizuri zaidi katika habari za *Ëmëhntëhtt-Ré*. Utungo huu uliasisiwa katika miaka ya 1970, lakini wakati huo haukurekodiwa mzima. Kipande chake kiitwacho *Hhaï* kilitokea katika albamu ya maonyesho ya jukwaani ya mwaka 1975, *Zombies* katika *Üdü Wüdü* ya mwaka 1976, na *Rindë* katika *Attahk* ya mwaka 1978. Albamu yenyewe kamili ilitoka mwaka 2009. Kwa zaidi ya miaka thelathini, mwenye kutaka kuufahamu utungo huo alilazimika kuuunga mwenyewe kutokana na vipande, kama mhariri wa utenzi anavyoziunga nakala zilizotawanyika Lamu, Pate na London.

Mapenzi haya hayakuishia kwenye karatasi. Steve Davis, bingwa wa dunia wa mchezo wa snuka mara sita kati ya mwaka 1981 na 1989, aliandaa maonyesho ya Magma mjini London mwaka 1988, kusudi aione bendi aipendayo. Nchini Japani mpiga dramu Tatsuya Yoshida, kupitia bendi zake Ruins na Kōenji Hyakkei, alifuata nyayo za Vander hata akaimba katika lugha za kubuni za kwake. Hili la pili lina uzito zaidi kwetu. Yoshida hakuazima msamiati wa Kikobaia. Aliazima kanuni yake, yaani mwenye muziki ana ruhusa ya kuzaa lugha inayoufaa. Tena neno *zeuhl*, linalofasiriwa kuwa ‘-a mbinguni’, limetoka ndani ya nyimbo likawa jina la aina nzima ya muziki, na leo hutumiwa na Wafaransa, Waingereza na Wajapani katika sentensi za lugha zao. Neno lililovuka mpaka na kupata kazi ya kila siku katika lugha nyingine haliwezi kuitwa sauti tupu.

Huenda msomaji akauliza hali hii inatofautianaje na ya wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam au Nairobi, ambao kwa miaka mingi wameimba Kilingala kwa ghibu pasipo kukielewa. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Mwimbaji wetu wa Kilingala, siku akitaka, anaweza kumpata Mkongo akamuuliza, na Mkongo huyo atamjibu kwa mamlaka ya mzawa. Mshabiki wa Magma hana wa kumuuliza ila mshabiki mwenzake, au Vander.

5.0 Mwenye lugha ni nani?

Lugha nyingi za kubuni zilianza na kitabu. Kiesperanto kilitangulizwa na kitabu cha Zamenhof mwaka 1887. Kiklingoni cha filamu za *Star Trek* kilipata kamusi ya Marc Okrand mwaka 1985. Wasemaji walifuata baadaye. Kwa Kikobaia mambo yamekwenda kinyume: nyimbo zilitangulia, wasikilizaji wakafuata, na kamusi ikatungwa na hao wasikilizaji. Mtunzi alikusudia tangu mwanzo kwamba maneno yasichambuliwe kupita kiasi. Hata hivyo, baada ya orodha za mashabiki kuenea, Vander mwenyewe amefasiri maneno mengi. Kwa lugha ya kazi yetu, mbunifu amegeuka mtoa taarifa wa lugha yake, akijibu maswali ya watafiti waliojituma.

Wapo wanaosikitika kwamba kamusi inaua siri. Hofu hiyo tunaielewa, ingawa tunaiona imezidishwa. Kundi la Sigur Rós la Aisilandi lilipotoa mwaka 2002 albamu iliyoimbwa kwa silabi zisizo na fasili, liliweka ndani yake kijitabu chenye kurasa tupu, ili kila msikilizaji aandike maana yake. Huko kila mtu ana lugha yake peke yake. Mashabiki wa Magma walikataa upweke huo. Walitaka neno moja liwe na maana moja kwa mtu wa Paris na mtu wa Tokyo, na mapatano ya namna hiyo ndiyo msingi wa jamiilugha yoyote, hata kama wanajamii wake hawawezi kuagiza chai kwa lugha hiyo. Kasoro ya orodha zao iko kwingine: huonyesha *hamtaahk* ni ‘chuki’, lakini hazionyeshi neno hilo linaimbwa kwa pumzi gani, na waimbaji wangapi, baada ya kimya cha muda gani. Kwa Kikobaia hizo ni sehemu za kidahizo.

Jambo moja limesalia. Albamu ya *K.A*, yenye muziki uliotungwa miaka ya 1970, ilirekodiwa na kutolewa mwaka 2004. Miongoni mwa waimbaji wake walikuwamo Antoine na Himiko Paganotti, watoto wa Bernard Paganotti, aliyepiga gitaa la besi katika Magma katikati ya miaka ya 1970. Hatudai kwamba walikinyonya Kikobaia kwa maziwa ya mama. Ila mtafiti atakayeandika kwamba lugha hii haijawahi kupita kutoka kizazi kimoja hadi kingine, itambidi kwanza awaeleze hao wawili.