Dondoo muhimu: Vifaa vya kulinda shamba bila gobole

Tembo wakiingia mashambani Ngarambe, Tanzania, usiunde gobole, yaani bunduki ya kienyeji, nyumbani: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inakataza, na gobole likipasuka humuumiza aliyelishika. Chagua hivi:

1. Nunua tochi yenye mwanga mkali wa mbali. Ichaji mchana, usingoje giza.
2. Weka honi na debe, ubadilishe sauti. Tembo huzoea kelele za aina moja.
3. Zungushia shamba kamba ya katani, utundike vitambaa vilivyolowekwa oili chafu na pilipili kali iliyotwangwa.
4. Paka upya oili na pilipili baada ya mvua. Harufu ikiisha, uzio haufanyi kazi.
5. Vaa glavu unapochanganya pilipili, wala usijiguse macho.
6. Unganisha mizinga ya nyuki kwa waya mmoja, yote itikisike tembo akiugusa.
7. Simamisha dungu kwa nguzo imara, mlinde wawili wawili, watoto wabaki nyumbani.
8. Mwachie tembo njia ya kutokea. Usimrushie mkuki, aliyejeruhiwa ni hatari zaidi.
9. Mkiwa na gobole la urithi, msilichezee; toeni taarifa polisi.