SOMO LA WIKI: Waranti ya nyongeza si bima

Mfanyabiashara anaponunua gari la kusambazia bidhaa, huenda muuzaji akamwekea mezani karatasi moja zaidi: waranti ya nyongeza, yenye malipo yake pembeni. Wapo wanaolipa wakidhani wamekata bima. Wapo pia wanaokataa wakiamini bima kubwa itatengeneza kila kitu. Wote wanaweza kujikuta gari limelala gereji na mtaji umekatika. Hebu tuzitenganishe kinga hizi tatu.

WARANTI YA KIWANDA. Hii imo ndani ya bei ya gari jipya. Kiwanda kinaahidi kurekebisha kasoro ya utengenezaji, mara nyingi kwa miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Gari lililotumika kutoka Japani kwa kawaida halifiki hapa na kinga hiyo. Cheti cha ukaguzi nacho si waranti. Kinaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa tu.

BIMA. Bima ndogo, ambayo ni ya lazima kisheria, hulipa madhara uliyowasababishia wengine. Bima kubwa huongeza gari lako lenyewe likigongwa, likiibwa au likiungua. Giaboksi ikifa kwa uchakavu, bima zote mbili hazilipi.

WARANTI YA NYONGEZA. Huu ni mkataba wa matengenezo unaoununua ili kugharamia vifaa vilivyotajwa vikiharibika, hasa baada ya waranti ya kiwanda kwisha. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 ilitenganisha mambo haya: waranti imo katika bei, lakini kinachouzwa kwa malipo ya pembeni ni mkataba wa huduma. Tairi, breki, klachi, oili na filta kwa kawaida havimo.

TUPIGE HESABU
Tuchukue mfano. Mkataba wa miaka 2 unauzwa Shs. 1,500,000/=. Kikomo cha kila dai ni Shs. 2,000,000/=, na katika hizo wewe unachangia Shs. 300,000/=. Giaboksi inakufa, gharama ni Shs. 2,500,000/=. Mkataba utalipa Shs. 1,700,000/=, wewe Shs. 800,000/=. Ukijumlisha bei ya mkataba, umetoa Shs. 2,300,000/=. Umeokoa Shs. 200,000/= tu, na hapo ni gari limeharibika kweli. Lisipoharibika, fedha yote imekwenda. Ungeweka akiba Shs. 62,500/= kila mwezi, baada ya miezi 24 ungekuwa na Shs. 1,500,000/= zako mwenyewe.

Hata hivyo akiba ina udhaifu wake: gari linaweza kufa mwezi wa pili. Mwenye gari moja tu linalolisha biashara, asiye na pa kukopa haraka, anaweza kuona mkataba mzuri una faida.

MASWALI MANNE KABLA YA KUSAINI
1. Nani atalipa? Mwaka 2010 kampuni ya US Fidelis ya Missouri, Marekani, iliyouza mikataba hii kwa wingi, ilifilisika na wateja wakabaki wakidai fedha zao. Hapa Tanzania, uliza kama nyuma ya mkataba ipo kampuni ya bima iliyosajiliwa na TIRA.
2. Vifaa gani vimo? Taka orodha kwa maandishi. Maneno ya muuzaji hayatoshi.
3. Je, gari la biashara linakubaliwa? Baadhi ya mikataba inayakataa magari ya abiria na mizigo.
4. Gereji ipi, na sevisi kila kilomita ngapi? Ukikosa risiti za sevisi, dai lako linaweza kukataliwa.

Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo fungua faili la gari leo, weka kila risiti ya oili na spea, na andika kilomita za kila sevisi. Faili hilo litakufaa siku ya kudai, na siku ya kuliuza gari pia.